Vibarua wa mbao Mafinga nao walipwe fidia

Mhariri, naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wanaume na vijana wanaopasua mbao huku Mafinga, mkoani Iringa, pamoja na wake zao ambao hakuna anayewauliza kitu.

Mimi ni mama lishe. Wateja wangu wengi ni vibarua wa ding dong, zile mashine zinazopasua magogo ya paini na milingoti kutoka shamba la miti la serikali la Sao Hill na misitu ya watu binafsi. Wakikaa kula, utaona mikono. Huyu hana kidole cha shahada, yule vimekatika viwili, mwingine anashika kijiko kwa kushoto na hakuzaliwa hivyo. Mume wangu ni mmoja wao. Alikuwa akipokea mbao nyuma ya msumeno, gogo likagoma, mkono ukavutwa. Msumeno ule haukuwa na kinga ya aina yoyote.

Tajiri wake alimkimbiza zahanati kwa pikipiki, na kwa hilo namshukuru. Lakini ni yeye aliyetoa maelezo pale mapokezi, na kwenye cheti ikaandikwa kwamba mgonjwa ameumia nyumbani akipasua kuni. Siku chache baadaye alikuja na shilingi 150,000 na karatasi inayosema wamemalizana. Mkono wa kulia wa mume wangu ulikuwa kwenye bandeji, akawekeshwa dole gumba la kushoto.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kulipa mafao Julai 2016. Aliyeumia kazini anatibiwa kwa gharama za Mfuko. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, analipwa pensheni kila mwezi. Akifariki, wategemezi wake wanalipwa. Kwa mtu aliyekuwa akipata shilingi 200,000 kwa mwezi, asilimia 70 ni shilingi 140,000. Kwa hiyo bahasha ile aliyotuletea tajiri ni malipo ya mwezi mmoja na nauli.

Na mchango je? Anatoa mwajiri peke yake, haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Tangu Julai 2022 sekta binafsi inachangia asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa kibarua wa shilingi 200,000, hiyo ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Sahani moja ya wali maharage kwangu ni shilingi 1,500. Tajiri anayemiliki trekta na mashine asiniambie kwamba hiyo imemshinda.

Jibu lao kubwa ni kwamba hawa ni vibarua tu, hawana mikataba. Wasome kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Mtu anayefanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine, au kwa saa anazopangiwa, au kwa vifaa vya mwenye kazi, au aliyemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mfanyakazi, mkataba uitwe vyovyote. Likitimia moja tu kati ya hayo linatosha, na mume wangu anayo yote.

Kinachotukwamisha ni taarifa. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7, na madai yafike ndani ya miezi 12. Lakini mwajiri asiyechangia atajishtaki vipi? Atakaa kimya, au ataandikisha habari za kuni.

Ndiyo maana naomba mambo yafuatayo yafanyike hapa kwetu. Zahanati zimuulize majeruhi mwenyewe ameumia wapi, tajiri akiwa nje, na nakala ya maelezo hayo iende kwa afisa kazi. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, waingie huko msituni mashine zinakounguruma, wasiishie kwenye viwanda vya kando ya lami. Na kubwa kuliko yote, yeyote anayeomba mgao wa kuvuna magogo Sao Hill aonyeshe kwanza kwamba amesajiliwa na Mfuko na anachangia kwa watu wote wanaosimama kwenye mashine yake, hata wale wanaolipwa jioni kwa jioni. Mgao huo kila tajiri wa mbao anautafuta kwa udi na uvumba. Ukifungwa kwenye mchango, hatakuwepo wa kusema hakujua.

Kuna watakaosema wenye ding dong ni watu wadogo, wataumia. Nawaheshimu, wengi ni majirani zetu. Lakini aliye mdogo kuliko wote ni yule anayepokea mbao nyuma ya msumeno, na hadi sasa ndiye anayelipa kwa vidole vyake.

Mume wangu bado yumo ndani ya miezi 12. Wenzake wawili waliomtoa mashineni wamekubali kutoa ushahidi, ingawa wanajua wanaweza kukosa kibarua kesho yake. Naiomba ofisi itakayopokea madai yake iwasikilize hao kabla ya kusoma kile cheti.

Mama lishe,
Kinyanambo, Mafinga