Fimbo ya mzee ipewe namba langoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo, nalo ni namna vitu wanavyobeba wananchi kila siku vinavyopokelewa na walinzi kwenye malango ya ofisi hapa Dodoma.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mjomba wangu, mzee wa Mvumi aliyevuka miaka 80, katika ofisi moja mjini alikokuwa akifuatilia hati ya shamba. Mlinzi alitupokea kwa heshima, akamwamkia mzee kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akamweleza kwamba fimbo haziruhusiwi ndani, hivyo aiache kwenye kona pamoja na nyingine zilizokuwapo. Mzee alitii, akaingia akiwa amenishika bega. Tulipotoka baada ya saa mbili tulikuta fimbo tatu kwenye kona ile, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Mlinzi alisikitika kweli, sitamsingizia, ila maneno aliyotumia kumfariji mzee ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu: "Babu, usihuzunike, pale Soko la Majengo fimbo zipo, utapata nzuri zaidi ya hiyo."

Fimbo hiyo ni ya mpingo, mti ambao kiini chake ni kizito kiasi kwamba ukikitupa majini kinazama. Mjomba aliirithi kwa baba yake kabla TANU haijaamua, mwaka 1973, kuhamishia makao makuu ya nchi hapa Dodoma, na sehemu ya kushikia imelainishwa na viganja vya watu wawili tu. Ameswagia ng'ombe kwa fimbo hiyo, ameua nyoka, ameiegemea katika mabaraza ya kusuluhisha ndugu, na siku hizi miguu inapogoma ndiyo inayomfikisha msikitini. Katika mambo yote hayo, soko linaweza kumuuzia hilo la mwisho peke yake.

Sipingi ukaguzi. Tangu Serikali ihamie hapa na ofisi kuongezeka hadi kule Mtumba, watu wanaoingia na kutoka ni wengi, na fimbo nzito ikiwa mikononi mwa mtu mwenye hasira ni silaha kama silaha nyingine. (Ingawa Mwalimu Nyerere alitembea na kifimbo chake miaka nenda rudi, na sijapata kusikia mlinzi aliyemwomba akiache mlangoni.) Ninachokilalamikia ni kwamba tumeweka utaratibu wa kumtenga mtu na kitu chake bila kuweka utaratibu wa kuwakutanisha tena.

Mimi mwenyewe hubeba katika mfuko wa shati sarafu ya senti 50, ile yenye sungura upande mmoja na sura ya Mwalimu upande wa pili, ambayo marehemu mama aliifunga kwenye pindo la kanga yake na hakuitumia hadi ikapoteza thamani. Kila ninapotakiwa kumwaga vya mfukoni kwenye trei, macho yangu huwa kwenye sarafu hiyo kuliko kwenye simu. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama bado inanunua kitu, nikamjibu hainunui chochote, akacheka na kuisukuma pembeni kama kizibo cha soda. Simu ikipotea, laini hurudishwa kwa namba ileile, kitambulisho cha NIDA kikipotea, mtu hutoa taarifa polisi, hulipia na kupewa kingine, funguo huchongwa. Kwa sarafu ya mama yangu hakuna dirisha la kuombea nakala.

Dawa ya tatizo hili tunayo tayari, tena inatumika kila alfajiri pale Stendi ya Nanenane. Abiria anapoweka mzigo kwenye buti ya basi, hubandikwa karatasi yenye namba na mwenyewe hupewa kipande chenye namba hiyohiyo, na asiye nacho hawezi kubeba gunia la mwenzake kirahisi. Ofisi inayokataza fimbo, kisu kidogo cha kukunja cha fundi au panga la mkulima aliyepitiliza moja kwa moja kutoka shambani, inaweza kuchonga vibao viwili viwili vyenye namba moja, kimoja kikafungwa kwa uzi kwenye kitu na kingine akakaa nacho mwenye mali. Kona ya ukutani nayo ibadilishwe iwe rafu nyuma ya meza ya mlinzi, ambako mpita njia hawezi kujichagulia. Kwa wazee wanaoitegemea fimbo kutembea, ningeomba waruhusiwe kuingia nayo baada ya kukaguliwa, maana mzee aliyenyang'anywa mguu wa tatu akianguka kwenye ngazi zenye marumaru, hasara itakuwa kubwa kuliko hofu tuliyokuwa nayo langoni.

Mwisho, huenda aliyeichukua fimbo ya mjomba aliibeba kwa kudhani ni yake. Ina pete ya shaba chini ya kichwa, na karibu na ncha ina mkwaruzo mrefu uliotokana na waya wa uzio. Akiirudisha kwenye kona ileile mlinzi ataitambua, na mjomba amesema hatauliza ilikuwa kwa nani.

Mwalimu mstaafu,
Makole, Dodoma