Asishushe giaboksi, nisome kwanza

Kariakoo, Gerezani, Jumanne usiku

Mwanangu Ayubu,

Mambo vipi, shemeji na dogo wazima? Sisi huku tupo, Julai ndo hii, najua utacheka ila asubuhi kituoni watu wamevaa masweta na nyuzi zenyewe 20, kwenu Njombe hiyo si ndo saa saba mchana jua likiwa limekolea.

Voisi zako tatu nimezisikia. Ya kwanza niliisikiliza kaunta hapa duka la spea wateja wamenisimamia, ya pili nikaikata katikati, ila hii ya tatu ya kwamba fundi kasema giaboksi ya hiyo Toyota Premio yako imekufa, mpe laki tisa aagize ya mtumba huku huku Kariakoo, hapo nikasema hapana, huyu nimkalie nimwandikie, manake voisi ukishaisikiliza imeisha na mimi nataka hii uwe nayo mkononi boneti ikiwa wazi. Neno la kwanza: asishushe chochote. Mwambie mshahara haujaingia, wewe si ni mwalimu, atakuelewa haraka sana.

Sasa tuanze na maneno yako mwenyewe. Ulisema asubuhi ukiweka D, gia ya kwenda mbele, gari inasusa, sekunde mbili tatu haina habari na wewe, afu inashtuka na kugonga. Ukiondoka inavuta gia, mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, unapanda 3,000 na zaidi ndo inabadili, na ya nne haiingii kabisa mpaka umeshafika shuleni. Lakini Jumapili mlipoenda Makambako ulisema yenyewe "baadae ikatulia". Hilo neno baadae ndo lilinifanya nikae. Giaboksi iliyokwisha kweli tabia yake mara nyingi ni kinyume, asubuhi inaweza ikakudanganya vizuri tu, ikishapata moto haidroliki, yaani oili ya giaboksi, inakuwa nyepesi, presha inashuka, klachi za ndani zinaanza kuteleza, unakanyaga injini inalia gari haiendi. Ya kwako inapona ikipata moto. Na kumbuka ulivyohama Dar, Mlima Kitonga ule wa Iringa umeupanda na makochi, godoro, jiko la gesi na mama mkwe ndani, haikuteleza hata kidogo. Giaboksi mfu haipandi Kitonga na mama mkwe.

Kwa hiyo mimi naona hapo kuna mambo mawili na fundi kayafunga fungu moja akaliita giaboksi.

La kwanza ni hiyo kususa ukiweka D. Giaboksi ya oto, inayobadili gia yenyewe, haina klachi ya mguu, inafanya kazi kwa presha ya haidroliki, pampu inasukuma oili kwenye vinjia vyembamba mule ndani mpaka ikabane klachi. Oili ikilala kwenye baridi inakuwa nzito, inapita polepole, na gari ya umri ule sili za mpira zimeshakakamaa, kwenye baridi zinakakamaa zaidi. Sekunde moja ya kujivuta asubuhi hiyo ni kawaida wala usikose usingizi. Sekunde tatu na kugonga, hapo inawezekana oili imepungua au imechoka au kuna mjanja aliweka isiyo yake. Premio yako inakunywa T-IV, oili ya giaboksi ya Toyota, sio oili ya injini, sio hii ya pawa stelingi iliyobaki kwenye kopo, na asikwambie mtu zote nyekundu ni sawa, hapa kaunta nabishana na watu kila siku kuhusu hiyo rangi.

Kuipima usipime kama oili ya injini. Tembea kwanza gari ipate moto vizuri, kama nusu saa hivi, paki sehemu tambarare, usizime. Kanyaga breki, toa lever P, ile ya kupaki, upitishe kila gia mpaka chini, kila moja uisubiri kidogo, afu rudisha P. Hapo hapo injini ikiwa inaunguruma chomoa kijiti cha giaboksi, kifute, rudisha, chomoa tena. Kijiti kina alama za COOL na za HOT, wewe soma za HOT. Afu dondoshea tone kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu au inaelekea kahawia kidogo ina nafuu, ikiwa nyeusi na inanuka kama ugali ulioungua, nipigie kabla hujafanya lolote. Kama imechoka tu, wafungue nati ya chini, zitatoka kama lita 3 hivi, rudisha kiasi kile kile kilichotoka, utembee wiki kadhaa urudie. Usikubali waisafishe yote na mashine kwa mkupuo, gari isiyojulikana lini ilibadilishwa oili naona hatari, uchafu uliotulia miaka unaamka na kwenda kukaa kwenye vinjia.

Eeh na kabla ya yote, hebu angalia dashibodi kama taa ya O/D OFF, ya kuonyesha ovadraivu imezimwa, inawaka. Ile batani iko ubavuni mwa lever, dogo wako anapenda kubonyeza. Ikiwaka tu imetulia ujue mmeibonyeza, bonyeza tena ya nne itarudi. Ikiwa inapepesa, ndo kompyuta inalalamika, hapo ipimwe na mashine.

La pili, gia ya nne. Hapa Ayubu vuta kiti.

Kwenye ile voisi ya pili niliyoikata, leo jioni nimeirudia, nikasikia vitu viwili umevipitia juu juu. Umesema wese linaenda sana tofauti na ulivyokuwa Dar. Na umesema hita mbovu, unaiwasha asubuhi inapuliza hewa vuguvugu kama ya kupoza uji. Mwanangu nilisimamisha chai. Wese, hita, na gia ya nne ni ugonjwa mmoja, na huo ugonjwa naujua kwasababu niliuweka mimi.

Ile gari nikiwa nayo, Januari mwaka jana ilikuwa inachemsha kwenye foleni, pale Tazara mshale ulipanda mpaka nikaegesha pembeni nikafungua boneti na jua lile. Nikampelekea fundi mmoja, sitamtaja, hakupima feni wala rejeta, akafungua themostati akaitoa akanionyesha kiganjani, "hii kaka ni ya wazungu, ya nchi za baridi, huku haina kazi." Na mimi muuza spea mzima nikaitikia! Gari ikapoa, nikafurahi. Miezi miwili ikaanza tena, kumbe ni mota ya feni, nikabadilisha feni, ikaisha. Themostati sikuirudisha. Nikakuuzia gari, nikakuonyesha kadi, spea tairi, jeki, themostati haikunijia hata kichwani. Huku haina dalili, nani Dar anawasha hita?

Sasa ona inavyokuwa huko. Themostati kazi yake ni kuyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, za hizi Toyota zinaanza kufunguka nyuzi 82. Bila hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Dar hewa ina nyuzi 30, foleni juu, maji yanapata moto hivyo hivyo. Njombe asubuhi upepo ule unaopuliza kwenye rejeta ni wa friji, injini inapasha, rejeta inapoza, unafika shuleni mshale bado uko chini. Na kompyuta ya Toyota hizi haiachii ovadraivu, yaani hiyo gia ya nne, mpaka maji yafike kama nyuzi 55 hadi 60, imepangwa makusudi ili injini ipate moto upesi. Yenyewe inaona gari bado haijaamka basi inakunyima ya nne, na inaongeza wese juu kwasababu injini baridi inataka wese zaidi. Giaboksi inasubiri ruhusa tu, na ruhusa haiji. Makambako ilitulia kwasababu ulikuwa na safari ndefu na jua limetoka.

Usiniamini mimi, hakikisha mwenyewe. Kesho asubuhi kabla hujaenda popote, injini imelala, washa, fungua boneti, shika lile paipu kubwa la juu linaloingia kwenye rejeta, ila mkono uwe mbali na feni, na mfuniko wa rejeta usiuguse kabisa injini ikishapata moto. Gari yenye themostati paipu linakaa na ubaridi wake muda, afu ghafla linapata moto ukilishika. La kwako nadhani litakuwa linapata vuguvugu taratibu tangu mwanzo, linapanda pamoja na injini. Ukishika hivyo, umepata jibu na laki tisa yako iko salama.

Themostati nimeshakutolea dukani, mpya, na gasketi yake, na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta yasigande, galoni moja. Kesho alfajiri naipeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, inapanda basi la Njombe, nitakutumia picha ya risiti na namba ya kondakta. Usinitumie hela, hilo deni ni langu, na mafuta yaliyokwisha tangu Mei tutayaongelea tukionana maana hilo nalo najua utalileta.

Ukiipokea usifunge kabla hujaijaribu. Ining'inize na uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, washa jiko uiangalie. Itakaa imefunga, imefunga, afu kabla maji hayajachemka utaiona ile sahani ya katikati inasogea polepole inafungua. Ukiitoa inafunga tena. Isipofungua usiifunge kwenye gari, nirudishie. Na sufuria iwe ya zamani, sio ya chai ya shemeji, sitaki simu yake. Wakati wa kufunga, upande wenye springi unaangalia injini, na kile kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza kinakaa juu ili hewa itoke. Maji ya bomba yaliyomo wayamwage yote, waweke hiyo kulanti na maji safi nusu kwa nusu, ukienda Makete siku umande umeganda utanikumbuka.

Hata ikishafungwa, kilomita za mwanzo asubuhi ya nne itachelewa kidogo, usipanik, ndo ilivyoumbwa. Washa, ipe dakika moja au mbili, ondoka taratibu, usiipigie resi imesimama ukidhani unaipasha, na usiiache inaunguruma nusu saa unakunywa chai, itapata moto vizuri zaidi ikitembea.

Kesho basi litafika usiku kidogo, mtume yule kijana wako wa bodaboda stendi. Afu niambie paipu lilikuwaje.

Wako, Selemani