Tuambiwe hitilafu ya umeme ilitokana na nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila ghala, soko au kiwanda kinapoungua, magazeti yetu, lako likiwamo, huandika kwamba chanzo cha moto kinadaiwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Habari inaishia hapo. Likiungua jengo jingine, maneno ni yaleyale. Mimi ni fundi umeme wa viwandani, kazi yangu ni paneli kubwa, yaani makabati ya kugawa umeme, na vyumba vya transfoma, na kwa mtu wa kazi hii maneno hayo hayajaeleza kitu. Hitilafu nayo ina chanzo chake. Mara nyingi ukifuatilia utamkuta mtu aliyeamua jambo fulani: aliahirisha matengenezo, alinunua kifaa cha bei rahisi, au alikataa umeme kuzimwa kwa saa mbili tu.

Watu wengi wanaijua hatari moja ya umeme, kupigwa shoti baada ya kugusa waya. Iko nyingine isiyosubiri uguse. Ndani ya paneli kubwa mna vyuma vya shaba vinavyobeba umeme, mafundi tunaviita basbaa. Basbaa mbili zikikutanishwa na kitu chochote, spana iliyoponyoka, panya, nati iliyolegea, hata vumbi la saruji lililoshika unyevu, umeme unaruka hewani na hewa yenyewe inageuka njia ya kuupitisha. Joto la hapo linaweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba inapita hatua ya kuyeyuka na kuwa mvuke, na mvuke huo unahitaji nafasi takriban mara 67,000 ya ile iliyokuwa ikikaliwa na shaba yenyewe. Hapo ndipo mlipuko unapotokea. Milango ya paneli hung'oka, matone ya shaba ya moto hurushwa chumba kizima, mshindo hupasua ngoma za masikio, na aliyekuwa anavuta pumzi huvuta hewa ya moto yenye mvuke wa chuma. Mtu aliyesimama hatua kadhaa nyuma, mikono mfukoni, anaweza kuungua hadi kufa. Mhandisi wa Kimarekani Ralph Lee aliyaeleza haya kwa hesabu mwaka 1982, kwa hiyo hakuna mwenye kiwanda leo anayeweza kusema ni mambo mapya.

Msongo wa volti 400, ambao viwanda vyetu vingi vinautumia, unatosha kabisa kufanya hayo. Kinachotisha ni mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita. Transfoma ya kVA 1000 (kipimo cha uwezo wake) ikiwa na mzigo wake kamili hutoa ampia 1,400 na kidogo. Shoti ya aina hii, yaani basbaa kukutana, ikitokea karibu na transfoma hiyo, mkondo unaweza kupanda hadi ampia 25,000 au zaidi, papo kwa papo. Na ukubwa wa madhara unategemea sana muda: shoti iliyokatwa baada ya nusu sekunde inamwaga nishati mara tano ya ile iliyokatwa kwa moja ya kumi ya sekunde. Maisha ya fundi yamo ndani ya tofauti hiyo.

Niliwahi kuwapo katika kiwanda kimoja siku ambayo kijana mwenzetu alitumwa kukaza nati ya basbaa iliyokuwa inapata moto. Aliomba umeme uzimwe. Akajibiwa kwamba mzigo wa mteja lazima upakiwe usiku ule na mashine hazisimami. Akaingia na spana ya kawaida, amevaa kizibao kinachong'aa, vile vya rangi ya chungwa tunavyogawiwa wote tukaambiwa ndiyo usalama wenyewe. Nilikuwa chumba cha pili. Mwanga ulikuja kupitia upenyo wa chini ya mlango, mweupe wa kuumiza macho, halafu mshindo. Tulipomfikia, kizibao kilikuwa kimeyeyuka na kushikana na ngozi ya kifua, kwa sababu vingi vya vile ni poliesta, na poliesta huyeyuka kama nailoni. Alipona baada ya miezi mingi hospitalini, lakini vidole vya mkono wa kulia havikunji tena. Spana tuliyoiokota ilikuwa imebaki nusu.

Tulipofuata njia ya umeme kurudi nyuma tukakuta fyuzi moja haipo. Mahali pake palikuwa na kipande cha bomba la shaba, kimekatwa kwa msumeno na kupigwa nyundo hadi kikaingia. Mtu alichoka kununua fyuzi. Kwa hiyo shoti ile, ambayo ilipaswa kukatwa kabla hata hujapepesa jicho, iliachwa iendelee kuwaka mpaka kinga ya mbele zaidi, kifaa kingine cha kukata umeme, ilipoamka. Fomu ya ajali ilijazwa na uongozi. Kwenye nafasi ya chanzo waliandika maneno matatu: hitilafu ya umeme.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, Mhariri. Maneno hayo matatu yanamwondolea mtu lawama, na gazeti linapoyachapa bila kuuliza, linasaidia kufukia.

Hali ya madukani nayo inatisha. Msomaji aliye na breka nyumbani aiangalie usoni: nyingi zina kijisanduku kilichoandikwa 6000 au nambari inayofanana na hiyo. Hizo ni ampia, mkondo mkubwa kabisa wa shoti ambao breka hiyo inaweza kuukata bila yenyewe kupasuka. Nyumbani inatosha. Lakini nimezikuta hizohizo zimefungwa kwenye paneli kuu za majengo ya ghorofa, hatua chache kutoka kwenye transfoma, eti kwa sababu zinaingia vizuri kwenye tundu na bei ni ndogo. Shoti ya ampia 25,000 ikipita hapo, breka ndiyo inakuwa bomu. Nyingine ni bandia kabisa, nambari imechapwa tu.

Wapo watakaosema uchunguzi wa kina ni anasa ya nchi tajiri. Hata huko mambo huharibika. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025, transfoma katika kituo cha umeme cha North Hyde, magharibi mwa London, ililipuka na kuwaka. Uwanja wa ndege wa Heathrow ukafungwa karibu siku nzima iliyofuata, na zaidi ya safari 1,300 zikavurugika. Wangeweza kuandika hitilafu ya umeme wakaenda kulala. Ripoti iliyotolewa Julai mwaka huo ilieleza kwamba unyevu uliingia kwenye bushingi, ile shingo inayopitisha umeme wa msongo mkubwa kuingia ndani ya transfoma, na kwamba dalili za unyevu huo zilionekana kwenye sampuli ya mafuta tangu Julai 2018. Hazikufanyiwa kazi ipasavyo. Yote yakachapwa wazi, kila raia akaweza kusoma.

Unyevu huo unafuatiliwa hata kwetu, tena kwa macho tu. Pembeni mwa transfoma nyingi za mafuta kuna kichupa cha kioo chenye chembechembe za silika zinazokausha hewa inayoingia. Za aina ya zamani zikiwa kavu ni bluu, zikishiba unyevu huwa za waridi. Nimepita viwanda ambavyo chembechembe hizo zimekuwa waridi mpaka zikapauka, na mlinzi anayekaa chini yake kila usiku hajui anaonyeshwa nini. Kuzibadilisha hakugharimu hata bei ya gurudumu moja la lori.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa za ajali kazini. Naiomba OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, izidi hapo: matokeo ya uchunguzi wa kila mlipuko wa paneli au transfoma yatangazwe, majina ya majeruhi yakifichwa, ili mafundi tujifunze. Waajiri nao waweke kwa maandishi kwamba fundi ana haki ya kukataa kufungua paneli yenye umeme. Umeme uzimwe, swichi ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi mwenyewe, basbaa zipimwe kwanza kuhakikisha hazina umeme, ziunganishwe na ardhi, ndipo spana ishikwe. Kama kuna kazi isiyowezekana ila umeme ukiwepo, anunuliwe nguo zilizotengenezwa kwa ajili ya moto wa shoti na kinga ya uso.

Kwako nina ombi jepesi. Mwandishi wako akifika penye moto na kuambiwa ni hitilafu ya umeme, aulize: kifaa gani kilianza? Kinga yake ilikata au haikukata? Kilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aliyetia sahihi? Wakikosa majibu, ichapwe hivyohivyo kwamba wamekosa, na jina la mwenye jengo liwepo.

Fundi umeme wa viwandani,
Temeke, Dar es Salaam