Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Kamati tendaji imekutana kama katiba inavyotaka, hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Muda uliobaki nautumia kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: misaada kwa nchi zilizopigwa na tetemeko la ardhi, na kile kinachobaki kati ya nchi na nchi baada ya kifusi kuondolewa.

Tarehe 28 Machi tetemeko la 7.7 lilipiga katikati ya Myanmar, karibu na Sagaing na Mandalay. Waliokufa walizidi 3,000, na huko Bangkok, mamia ya kilomita kutoka hapo, jengo refu lililokuwa bado linajengwa liliporomoka. Mwaka 2008, baada ya kimbunga Nargis, watawala wa kijeshi wa nchi hiyo waliwazuia watoa misaada wa kigeni kwa wiki kadhaa. Safari hii serikali ya kijeshi iliomba msaada yenyewe, na vikosi vya China na India, nchi mbili zenye mgogoro wa mpaka, vikawa vinachimbua kifusi katika mji mmoja. Ila ndege za kivita za serikali hiyo hazikuacha kuwashambulia waasi. Usitishaji wa mapigano ulitangazwa na serikali tarehe 2 Aprili, na hata baada ya hapo taarifa za mashambulizi ziliendelea kuja. Kisha usiku wa 31 Agosti ikawa zamu ya Kunar, mashariki mwa Afghanistan. Tetemeko lilikuwa la 6.0 tu, lakini nyumba za udongo na mawe zilizojengwa kwenye miteremko hazikuhimili. Watu zaidi ya 2,200 walipoteza maisha.

Mara zote mbili mlichanga bila kusukumwa. Nawashukuru kwa dhati. Pamoja na michango lilikuja swali, tena kutoka kwa wanachama wengi: je, msaada wa namna hii unapatanisha mtu na mtu, au ukishapokelewa kila mmoja anarudia uadui wake?

Mfano unaonipa moyo kuliko yote ni wa Ugiriki na Uturuki. Mwanzoni mwa mwaka 1999 nchi hizo zilikuwa hazitazamani usoni. Mwezi Februari kiongozi wa Wakurdi waliokuwa wakipigana na Uturuki, Abdullah Öcalan, alikamatwa Nairobi baada ya kutoka kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki alikokuwa amefichwa, na Uturuki ilifura kwa hasira. Usiku wa 17 Agosti tetemeko likaipiga İzmit na kuua zaidi ya watu 17,000. Waokoaji wa Ugiriki walikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kufika. Wiki tatu baadaye, 7 Septemba, Athens nayo ikatikisika, watu 143 wakafa, na Waturuki wa kikosi cha kujitolea cha AKUT wakavuka kwenda kusaidia. Desemba ya mwaka huohuo, mjini Helsinki, Ugiriki iliacha kuizuia Uturuki kuwa mgombea wa uanachama wa Umoja wa Ulaya.

Wengi wanaisimulia habari hii kana kwamba tetemeko ndilo lililofanya kazi yote. Mimi sikubali. Mawaziri wa mambo ya nje, George Papandreou wa Ugiriki na İsmail Cem wa Uturuki, walikuwa wameanza kuzungumza kabla ya Agosti. Wataalamu wao walikuwa tayari wanajadili utalii, biashara na mazingira, mambo madogo yasiyoandikwa magazetini. Huruma ya wananchi ilipofurika ilikuta mlango uko wazi, na watu wa kuupitisha msaada wanafahamiana kwa majina.

Penye mlango uliofungwa, huruma huingia kisha ikatoka. Baada ya tetemeko la 6 Februari 2023 lililoua zaidi ya watu 50,000 nchini Uturuki na maelfu wengine Syria, malori ya msaada ya Armenia yalivuka daraja la Margara kuingia Uturuki. Mpaka huo ulikuwa haujapitika kwa miaka 30. Niliposoma habari ile nilifurahi mno, nikaamini kwamba sasa mambo yamekwisha. Misafara ilipomalizika, daraja likafungwa tena. Ugiriki nayo ilituma waokoaji siku ileile ya tetemeko, lakini kwao mazungumzo yalipata mwendelezo: Desemba 2023 viongozi wa nchi mbili walitia saini Azimio la Athens la ujirani mwema. Nako Morocco, baada ya tetemeko la Septemba 2023, jirani yake Algeria iliyokuwa imevunja uhusiano miaka miwili nyuma ilifungua anga yake kwa ndege za misaada na kujitolea kutuma waokoaji. Morocco ilipokea vikosi vya Hispania, Uingereza, Qatar na Falme za Kiarabu, na ombi la jirani likabaki mezani.

Kwa hiyo jibu langu kwa walioniuliza ni kwamba urafiki wa siku ya maafa unategemea kazi iliyofanywa kabla ya maafa. Hata kwenye kifusi chenyewe iko hivyo. Tangu 1991 vikosi vya uokoaji vya mataifa vimeunganishwa chini ya Umoja wa Mataifa na vinafuata ishara moja. Mlio mmoja mrefu wa filimbi: mashine zizimwe, watu wanyamaze, ili sauti ya aliyefunikwa isikike. Milio mitatu mifupi: kila mtu atoke haraka. Mrefu ukifuatwa na mfupi: kazi iendelee. Watu ambao serikali zao hazisalimiani husimama kwenye zege moja wakiwa kimya kwa filimbi ileile, kwa sababu kuna waliokaa miaka nyuma wakakubaliana mapema.

Wala tusidhani ukubwa wa mfuko ndio unaopima moyo. Mwaka 1985, Ethiopia ikiwa katikati ya njaa iliyotikisa dunia, Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo ulituma dola 5,000 kwa waathirika wa tetemeko la Mexico. Walikumbuka kwamba Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Mexico ilisimama upande wao. Wema ule ulikuwa umetunzwa nusu karne.

Kamati inaleta kwenu mapendekezo. Michango yetu iwe ya fedha, ipelekwe kupitia mashirika ambayo tayari yako mahali penye maafa, na tusikusanye tena nguo. Magunia ya nguo yasiyoombwa hujaza viwanja vya ndege na maghala wakati dawa na mahema yanasubiri nafasi. La pili, ambalo najua litaleta ubishi, ni kwamba sehemu ya mfuko itumike katika miaka isiyo na tetemeko: kuandikiana na vyama kama chetu vya nchi zinazohasimiana, na kuwakutanisha waokoaji wao kwenye mazoezi. Wapo wanaosema fedha ya maafa isiguswe mpaka maafa yatokee. Hoja yao ina uzito, na ndiyo maana hatukutaka kamati iamue peke yake.

Kiwango cha sehemu hiyo tumekiacha wazi ili mkutano ukipange. Wanaotaka kuchangia hoja waandikishe majina kwa katibu kabla ya mapumziko; kura itapigwa mara baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti