Kikomo cha mishahara kipimwe kwa mapato ya klabu, na dau la usajili lihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoibuka kila dirisha la usajili linapofunguliwa, kwamba Ligi Kuu na madaraja yaliyo chini yake yawekewe kikomo cha mishahara ili timu ndogo zipate kupumua. Ninaunga mkono kikomo, ila sikubaliani na wanaotaka kiwango kimoja cha fedha kwa klabu zote. Nimekuwa mhazini wa timu ya madaraja ya chini hapa Moshi, na kabla ya hapo niliandika vitabu vya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwenye daftari.

Wanaotaka kiwango kimoja huitolea mfano NFL ya Marekani, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ambayo ina kikomo tangu mwaka 1994. Mwaka 2024 kila timu iliwekewa dola milioni 255.4. Jambo hilo linawezekana kule kwa sababu fedha za televisheni za nchi nzima hugawanywa sawa kwa timu zote 32, hivyo hata timu ya mji mdogo ina uwezo wa kukifikia kikomo. Kwetu, mkataba wa Azam Media uliosainiwa mwaka 2021, wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, umesaidia sana, lakini haujaziba pengo lililopo kati ya Simba na Yanga, zenye mashabiki na wadhamini nchi nzima, na timu ambayo mapato yake ya mlangoni hayatoshi kukodi basi la kwenda Mbeya. Kikomo kitakachoitosha Yanga iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, au Simba iliyoicheza mwaka 2025, hakitamzuia kiongozi wa timu ndogo kujitumbukiza kwenye madeni, na kikishushwa hadi kimzuie, timu zinazotuwakilisha kimataifa zitafungwa mikono.

Hata hivyo, liko jambo moja la NFL ambalo ningependa viongozi wetu walichukue, nalo ni namna wanavyolihesabu dau la kusaini, yaani fedha anayopewa mchezaji kwa kukubali mkataba. Mchezaji hulipwa dau lake mapema, lakini kwenye hesabu za kikomo linagawanywa katika miaka ya mkataba, isiyozidi 5. Akiachwa kabla ya muda, sehemu iliyobaki inaendelea kuibana timu ingawa yeye ameshaondoka. Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson mwezi Machi 2024 walibaki na mzigo wa dola milioni 85 za dau na mshahara waliomhakikishia, na milioni 53 kati ya hizo zilihesabiwa msimu huohuo, yaani zaidi ya moja ya tano ya kikomo chao ilikwenda kwa mtu anayechezea timu nyingine.

Huku kwetu dau haliandikwi popote pa kueleweka. Nilipokuwa mhazini, siku moja ya dirisha dogo niliambiwa tumesajili wachezaji watatu, na kwamba dau lao pamoja na mishahara ya miezi ya kwanza vitatolewa na mfadhili. Niliuliza barua ya mfadhili iko wapi, nikajibiwa kuwa ahadi yake inatosha. Sehemu ya dau ilipatikana, tena kwa kukopa kwenye fungu la posho za kambi, na mfadhili hakuonekana tena. Kufika mwezi Machi wachezaji wa zamani, ambao hawakuwa na kosa lolote, walikuwa hawajalipwa, na kipa wetu alifungiwa chumba na mwenye nyumba kule Pasua siku mbili kabla ya mechi. Nilimlipia sehemu ya kodi kutoka mfukoni mwangu, na bado naumia kila nikikumbuka jinsi kijana yule alivyonishukuru kwa kitu kilichokuwa haki yake.

Mkulima wa kahawa anaijua hali hii. Chama kikipanga malipo ya awali makubwa kwa kutarajia bei nzuri mnadani, wanachama hushangilia; bei ikishuka, chama kinabaki na deni na malipo ya pili hayaji. Tulijifunza kupanga malipo ya awali kwa tahadhari, na sioni kwa nini klabu ya mpira isifanye hivyo.

Kwa sababu hiyo nadhani mfano unaotufaa zaidi ni wa Hispania. Tangu mwaka 2013 La Liga, ligi kuu ya huko, huipangia kila klabu kiwango chake kwa kuangalia mapato na madeni yake, na mchezaji asiyetoshea katika kiwango hicho haorodheshwi. Ndiyo maana mwezi Agosti 2021 Barcelona ilishindwa kumbakiza Lionel Messi ingawa yeye na klabu walitaka aendelee. Uingereza ukaguzi ulikuja baada ya fedha kutumika, na katika msimu wa 2023/24 Everton ilikatwa pointi 6, kisha 2 nyingine. Mashabiki waliadhibiwa kwa matumizi ambayo hawakuyaidhinisha wao. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nayo imefikia kiwango cha asilimia 70 ya mapato kwa gharama za kikosi, zikiwemo ada za mawakala.

Najua wapo watakaosema kikomo kitawapunguzia wachezaji kipato. Mchezaji aliyeahidiwa milioni moja kwa mwezi na kulipwa miezi mitatu kati ya kumi amepata kidogo kuliko aliyeahidiwa laki nne na kulipwa yote. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara miwili kuvunja mkataba baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15, lakini kijana wa madaraja ya chini asiye na wakala wala nauli ya kwenda Dar es Salaam hawezi kuitumia haki hiyo kirahisi.

Mikoa yetu ya kaskazini ina hamu ya timu za kudumu Ligi Kuu. JKT Oljoro ya Arusha ilifika ikashuka, na Polisi Tanzania iliyoutumia Uwanja wa Ushirika hapa Moshi ilishuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23. Sisemi kwamba fedha ndizo zilizozishusha, ila timu ijayo isipande ikiwa na madeni. Naiomba TFF na Bodi ya Ligi, kuanzia na Ligi ya Championship, kabla ya kuidhinisha jina lolote dirishani, zidai taarifa ya benki au mkataba uliosainiwa wa mdhamini, zihesabu dau pamoja na mshahara na posho, na ahadi ya mdomo ya mfadhili isihesabiwe kuwa mapato. Mhazini naye atie saini fomu ya usajili pamoja na mwenyekiti na katibu. Ningekuwa na haki ya kukataa kusaini siku ile, wale wachezaji watatu wasingesajiliwa.

Aliyekuwa mhazini wa timu,
Majengo, Moshi