Kwenu vijana mnaoandika: mnasoma saa ngapi?

Wanangu hamjambo. Nawaandikia wote kwa pamoja maana kumjibu mmoja mmoja siwezi tena, na meseji zenyewe zinafanana, mzee nitapata wapi muda, mzee naanzaje, mzee nisomee stori yangu. Nawasomea. Na bila kuwaficha, wengi wenu mnaandika sana ila hamsomi, na inajulikana kuanzia ukurasa wa kwanza.

Inajulikanaje? Mtu kaandika: "Toka nyumbani kwangu!" alifoka kwa hasira kali. Sasa mwanangu, hasira si tushaisikia kwenye maneno yenyewe, unatuelezea tena ya nini? Aliyezoea kusoma anajua mhusika akishasema vile mwandishi ananyamaza, anamwacha yule mwingine aokote begi lake aende, au agome kutoka akae chini kabisa, na hapo ndo stori inaanza.

Hilo mtalipata kwa kusoma, tena kusoma na kalamu mkononi. Ukikutana na aya imekukamata, ichukue uinakili yote kwa mkono, koma kwa koma. Utaona vitu ambavyo jicho lilivipita tu, hapa sentensi imekatwa fupi makusudi, hapa jina la mtu limetajwa mara moja halafu halirudi mpaka mwisho wa aya na bado hujapotea, unajua nani anafanya nini. Mimi mpaka leo nanakili, wajukuu wananicheka eti babu anaandika imla. Wacheke. Na msome mashairi hata kama mnaandika riwaya, msome na vile vitabu msivyovipenda, mjue hasa kinachowakera ni nini.

Haya, muda. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, kazi ya mshahara kabisa, na bado akaandika tunayoyasoma mpaka leo. Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1978 akiwa kizuizini aliandika riwaya kwenye karatasi za chooni. Msinielewe vibaya, sisemi mkateseke ndo muwe waandishi, hapana, nasema tu mkisubiri siku iliyotulia mtasubiri sana.

Mimi naamka kabla nyumba haijaamka, naandika mpaka kelele zianze, halafu naacha katikati pale ambapo najua kabisa kinachofuata, kusudi kesho nikikaa nisianze kukodolea macho karatasi tupu. Siku nyingine haiji hata sentensi moja ya maana, basi nasoma ya jana kwa sauti, ulimi ukikwama natia alama hapohapo, sibishani nao. Jioni ni kusoma tu na simu naiacha chumba kingine, maana ile kitu ikiwa karibu hata kurasa mbili hufiki.

Kuhusu tuzo na kuchapisha leo sigusi, mtu ana kurasa tatu ashaulizia tuzo!

Anayetaka nimsomee anitumie kurasa kumi, zisizidi. Na kwenye meseji hiyohiyo aniandikie kitabu anachosoma sasa hivi na sehemu moja aliyoinakili, aniambie pale mwandishi kafanya nini. Isipokuwepo hiyo sitafungua.

Mzee wenu.