Hizo taa za zenoni mlizozisifu zinatupofusha barabara ya Moshi

Mhariri,

Nimeanza kusoma gazeti lako nikiwa bado nafundishwa kazi gereji, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Mengi yanapita, mtu unanyamaza. Lile la taa za zenoni, hizi za gesi zenye mwanga mkali, mlilolitoa kwenye ukurasa wa magari limenishinda. Mwandishi wenu amewaambia wasomaji kwamba kijana akinunua seti ya balbu mbili na balasti mbili, yaani vile vifaa vya kupandisha umeme wa kuziwasha, akaongeza nyingine ya foglaiti, zile taa za ukungu, amejiongezea usalama usiku. Picha ya gari lenye taa za bluu mkaipa nusu ukurasa. Mimi ni fundi umeme wa magari. Habari ile itaumiza watu.

Taa ya gari si balbu peke yake. Kuna balbu, kuna rifleta, yaani ile sehemu ya ndani inayong'aa, na kuna kioo cha mbele, na vyote vitatu vimepimwa pamoja kiwandani. Balbu ya H4, halojeni ya kawaida ambayo iko kwenye magari mengi yanayoingia gereji kwangu, ina nyuzi mbili: mmoja wa fulu, mwanga wa mbali, mwingine wa dimu, mwanga ulioshushwa. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifleta, maana ukipiga pale unarushwa juu, kwenye macho ya anayekuja. Sasa itoe balbu hiyo, weka zenoni. Mwanga hautoki tena kwenye uzi mwembamba. Unatoka kwenye moto wa umeme unaoruka kati ya ncha mbili ndani ya kichupa cha gesi, umbo jingine, mahali pengine. Uzi wa dimu wa H4 unatoa lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kama 1,000, zenoni ya wati 35 inatoa kama 3,200. Mwanga mara tatu, ndani ya rifleta isiyoujua, unatawanyika kokote. Kuna seti zinazojifanya zimetatua jambo hilo kwa sumaku inayosogeza balbu mbele na nyuma ili upate fulu na dimu. Nimezifungua nyingi. Baada ya vumbi na mashimo ya barabara zetu sumaku inakwama, na ikikwamia kwenye fulu mwenye gari wala hajui.

Msinijibu kwamba magari ya kifahari yanazo tangu zamani. Ni kweli, BMW walizitoa kwenye 7 Series mwaka 1991. Lakini gari lililotoka kiwandani na zenoni lina rifleta au lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya zenoni. Huko Ulaya kanuni zinataka taa inayozidi lumeni 2,000 ijishushe yenyewe gari likipakia mzigo nyuma, na iwe na maji ya kuisafisha, kwa sababu tope kwenye kioo nalo linatawanya mwanga. Waliotengeneza walijua wameshika kitu cha hatari wakakiwekea ulinzi. Hapa tunakinunua kwenye boksi, bila lenzi, bila kifaa cha kushusha, na fundi anakata nyaya anaunga kwa utepe wa gundi wa karatasi. Balasti ile inawasha balbu kwa umeme unaozidi volti 20,000. Mimi mteja akija na boksi hilo namrudisha nalo, na najua anakwenda gereji ya pili.

Juzijuzi nilikuwa narudi kutoka msibani Machame, mama yangu mzazi amekaa mbele. Giza limeshaingia. Tulikuwa tumeipita njia panda ya KIA, ya kwenda uwanja wa ndege, tunaikaribia Kikatiti. Anayeijua barabara ile anaelewa: kutoka Sakina hadi Tengeru ni njia nne, anayekuja yuko upande wake, lakini huku kwingine mnakutana uso kwa uso kwenye njia mbili, na pembeni kuna watu wanatembea kwa sababu hawana pengine pa kutembea. Ikatokea Noah, kigari cha abiria, taa nne zinawaka, mbili za bluu juu na mbili kwenye bampa, kali kama mtu anachomelea geti. Amejaza watu na mizigo, pua ya gari imeinuka. Nikawasha na kuzima fulu kumwomba ashushe. Hakuwa na cha kushusha, ile ndiyo ilikuwa dimu yake. Mama ana mtoto wa jicho. Akajifunika uso kwa khanga huku anamwita Mungu. Mimi nikakanyaga breki, nikawa nakisia tu ukingo wa lami mkono wa kushoto. Noah ilipopita nikamwona kijana mwenye baiskeli iliyofungwa madumu ya maziwa, amesimama kwenye lami, mbele ya bampa langu, hatua mbili. Hakuwa anavuka. Mama akashusha kioo, sauti inatetemeka: “Mwanangu, umeumia?” Akajibu, “Hapana, bibi. Nilikuwa siioni njia, nikaona bora nisimame.” Angesimama wapi, mhariri? Pembeni pale ni mtaro. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akikaa sekunde 3 haoni kitu, amekwenda zaidi ya mita 60 kwa kubahatisha, na ndani ya mita hizo 60 kuna mtoto wa mtu na maziwa yake. Mwandishi wenu aliandika usalama unaongezeka. Aje aniambie ni usalama wa nani, maana mwenye Noah alikwenda zake na wala hajui kwamba kijana yule yupo duniani.

Hata huyo mwenye Noah haoni vizuri kama anavyodhani. Mwanga mwingi unamwagika karibu na pua ya gari, jicho linazoea weupe ule, kule mbele panabaki giza. Halafu kuna hizi namba. Wateja wanaomba “ya 8,000” wakiamini namba kubwa ndiyo mwanga mkubwa. Namba hiyo ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Zenoni za kiwandani ziko karibu na 4,300, nyeupe ya kawaida. Ukipanda kwenda 6,000 na 8,000 rangi inakwenda bluu na mwanga wa kuonea unapungua. Vijana wanalipa zaidi ili waone kidogo, na hakuna aliyewaambia. Gazeti ndilo lingewaambia.

Na foglaiti! Foglaiti inafungwa chini ili itoe mwanga mpana, mfupi, uliokatwa juu, upite chini ya ukungu na kuonyesha mstari wa barabara. Ukiweka zenoni ndani yake ule mkato wa juu unapotea, mwanga unapanda, unagonga ukungu na kukurudia usoni. Aliyewahi kupanda Ngorongoro asubuhi, kutoka geti la Lodoare kwenda ukingoni mwa kreta, anajua ukungu ule ulivyo. Madereva wa watalii wazoefu wanawasha dimu na foglaiti zao za kawaida, wanakwenda taratibu. Lakini hizi zinazowaka kila usiku Njiro na Kijenge, anga safi, nyota zinaonekana, zinatafuta ukungu gani?

Nikiwa hapohapo niseme na la ukaguzi. Nimepeleka gari kukaguliwa mara nyingi, na kila mara naulizwa mtungi wa kuzimia moto, naulizwa pembetatu, stika inabandikwa, naambiwa nenda. Hakuna aliyewahi kuniambia nisimame mbele ya ukuta niwashe taa. Tena ukaguzi wenyewe ni saa sita mchana, jua la utosi, hata taa ya treni usingeiona. Bodaboda nao sasa wanafunga taa za kumetameta mbele, nyekundu na bluu, usiku unashindwa kujua ni gari la wagonjwa au ni kijana anapeleka chipsi Moshono. Siku gari la wagonjwa la kweli litakapokuja na mgonjwa ndani, nani ataliachia njia?

Mtu anayelalamika kwamba haoni usiku nampokea kwa moyo wote, maana magari haya yaliyotumika Japani yanafika kwetu na taa zimechoka. Dawa yake ipo na haimwumizi mwenzake. Kioo cha plastiki kikishakuwa cha njano kwa jua, kinasuguliwa kwa msasa wa maji, namba 800, halafu 1,500, halafu 2,000, kisha kinapigwa polishi. Nyaya za zamani zinapoteza umeme njiani: umeme ukipungua asilimia 10 tu, mwanga wa halojeni unapungua karibu asilimia 30. Nafunga rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na waya mnene kutoka kwenye betri, nasafisha ethi, pale waya unapoungana na bodi, naweka balbu mpya za halojeni zenye wati zilezile za kiwandani, napima mwelekeo. Wateja wanarudi kunishukuru. Rifleta ikiwa imebabuka, taa nzima ibadilishwe, hapo hakuna ujanja.

Pendekezo langu ni hili. Tengeru, Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe, kila mahali patengwe ukuta mmoja, upana wa mita 4, upakwe rangi nyeupe isiyong'aa, na mbele yake pawe na mita 10 za sakafu tambarare. Gari lisimame mwisho wa mita hizo 10, liwashe dimu. Pimeni kimo cha taa kutoka chini, halafu ukutani mpige mstari sentimita 10 chini ya kimo hicho. Mkato wa mwanga usipite juu ya mstari. Kipimo kifanyike saa moja na nusu jioni, siyo mchana, na Noah zipimwe zikiwa na abiria wake. Gari likionekana na zenoni ndani ya taa ya halojeni, balasti zing'olewe palepale, balbu za halojeni zirudishwe, ndipo liondoke. Wenye maduka nao wasiuze seti kwa gari ambalo halikutoka nazo kiwandani.

Ninyi gazetini kichapeni kipimo hicho kwa ukubwa uleule mliolipatia gari lile la taa za bluu, nusu ukurasa, ukurasa uleule wa magari. Ukuta wa Usa River nitaupaka mimi. Rangi ninayo na futi kamba ninayo. Namtafuta tu mwenye ukuta atakayekubali.

Fundi umeme wa magari,
Usa River, Arusha